Maji Yanapita Uwanja wa Chini

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, lakini kuanzia leo kurasa za nyuma ni zangu.

Asubuhi nilikuwa napeleka sare za wauguzi zahanati. Nilipopita uwanja wa chini nikaona karatasi imebandikwa kwenye mlingoti wa goli. Watu walikuwa wanaipita kama wanavyopita matangazo ya waganga. Nikasimama, nikaisoma mara mbili. Kampuni ya ujenzi inaomba kubadilishiwa matumizi ya uwanja ijenge jengo la ghorofa sita, maduka chini, maegesho ya magari nyuma. Mwenye pingamizi aliandike na kulifikisha ofisi ya mipango miji kabla ya saa kumi alasiri, tarehe 17 Aprili. Kikao cha kusikiliza ni tarehe 24.

Nilipomweleza mama mkwe, hakuuliza habari ya mpira wala ya watoto. Aliuliza, "Na maji yataenda wapi?"

Amekaa nyumba hii miaka arobaini, anajua anachouliza. Mvua ikinyesha mitaa ya juu, maji yote hushuka kwetu. Hayaingii majumbani kwa sababu uwanja uko chini zaidi. Hutuama pale siku mbili tatu, kisha huondoka polepole kwa mfereji wa nyuma.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano wa chama cha wakazi, darasa la chekechea. Watu wazima kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu. Nusu ya mtaa huu imefundishwa naye kusoma, na wote tunamwita Mwalimu hadi leo, hata wenye wajukuu. Alifungua mkutano kwa dakika arobaini. Nilipodhani anafika kwenye tangazo, alirudi kwenye historia ya chama. Mwishowe akanisogezea karatasi bila kuitazama. "Katibu, soma."

Mwaka mzima huu nimekuwa mdomo wake. Barua ikija haifungui, ananikabidhi kwa ncha za vidole kama anayempa mtumishi sahani chafu. Nilikubali ukatibu kwa sababu nina mwandiko mzuri, sikujua nitakuwa redio ya mtu.

Nikasoma. Kelele zikaanza. Akasimama shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mwashi. Alisema taratibu, na ndiyo maana wakamsikiliza.

"Nyinyi mnaongelea uwanja. Mimi naongelea kazi. Tangu mwaka jana nimejenga choo kimoja na ukuta mmoja. Jengo lile ni miaka miwili ya kazi, tena mlangoni kwangu. Kabla hamjapinga, niambieni mtanipa nini badala yake."

Swali lake nimeliandika kwenye muhtasari neno kwa neno. Tukapiga kura: wanaopinga thelathini na mmoja, wasiopinga wanne. Wakati wa kutoka shemeji alinipita bila kuniaga.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza, saa moja tu. Imelaza vumbi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga cherehani nikaenda ofisi ya mipango miji. Afisa mipango ni binti mwenye miwani, meza yake imezungukwa na mafaili hadi unamwona kuanzia shingo. Alinifungulia ramani ya kampuni. Uwanja wetu umepakwa rangi moja, mkavu kama kiganja. Chini yake wameandika: Hakuna mkondo wa maji unaopita katika eneo hili.

"Huu ni uongo," nikamwambia.

"Inawezekana, mama. Lakini uongo huu umechorwa na kupigwa muhuri. Wewe una nini?"

Nilitaka kukasirika. Kisha nikaona ananiuliza swali la kweli. Akaniambia niandike siku, saa, kina cha maji na mahali nilipopima, na apatikane shahidi wa kutia saini kila mara.

Nikiwa njiani kurudi nilifikiri: kupima ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kuanzia alfajiri hadi saa nne. Nimepigilia kijiti pembeni mwa goli na kufunga utepe wangu wa kupimia juu yake. Sentimita kumi na tisa. Shahidi: mama mkwe, chini ya mwavuli, akilalamika kwamba nimempa kazi ya kuchunga maji uzeeni.

Ijumaa, 21 Machi

Sentimita ishirini na sita. Shahidi: muuza mkaa.

Jumatatu, 24 Machi

Jua. Maji yameondoka yote. Nimeandika na hilo pia.

Jumamosi, 29 Machi

Malori. Nimehesabu kumi na moja kabla ya adhuhuri. Yanamwaga kifusi uwanjani, na kibali bado hakijatoka. Nilimwendea msimamizi wao, akaniambia wanahifadhi tu, hawajengi. Nyuma yake kulikuwa na wanaume sita wanasambaza kwa makoleo. Mmoja wao alikuwa shemeji. Alinitazama, akainama, akaendelea.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikitaka aandike barua leo hii. Akasema tusiende kwa pupa, kampuni ni watu wastaarabu, amewahi kukaa nao. Nikamuuliza lini. Akasema hakumbuki vizuri, na akaanza kuniuliza habari za mama mkwe.

Nimeandika barua mwenyewe, kwa ofisi ya mipango miji.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika nikiwa sebuleni kwa jirani wa juu. Vidole bado vina baridi.

Mvua ilianza saa saba mchana. Haikuwa kubwa kupita zile tulizozoea. Nilikuwa kwenye cherehani namalizia sare, redio imewashwa, na saa tisa nikahisi unyevu kwenye kanyagio. Nikainama. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango wa jikoni, ya rangi ya udongo mwekundu, bila kelele, kama mtu anayejua njia.

Yalikwenda uwanjani yakakuta kifusi, yakarudi kwetu.

Nilimpandisha mama mkwe juu ya meza ya kukatia. Nikanyanyua mashine. Nikaanza kubeba majora ya vitambaa, mawili mawili, kuyaweka juu ya kabati. Halafu nikasimama. Nikavua utepe shingoni, nikausimamisha kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, nikaandika hapohapo kwa penseli: saa tisa na robo, sentimita thelathini na moja.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kutoka mezani, "nyumba inazama, wewe unapima?"

"Mama, tusipopima watasema tumeota."

Nikarudi kubeba majora hadi yakaisha, naye akiangalia saa. Kisha akasema, "Basi andika na saa kumi kasoro robo. Imeshafika."

Nikaandika. Thelathini na nane. Saa kumi na robo, arobaini na sita. Sare ishirini za wauguzi zilizokuwa kwenye kapu zimekuwa rangi ya matofali.

Shemeji aliingia akiwa na mabuti ya kazini. Aligeuka, akachuchumaa mbele ya meza, mama yake akampanda mgongoni, wakatoka hivyo mvuani hadi kwa jirani. Aliporudi alinisaidia kubeba mashine. Mabuti yake yalikuwa yamejaa udongo uleule mwekundu. Aliona naona. Nyumba tisa zimeingia maji leo.

Ijumaa, 4 Aprili

Kuanika. Kufua. Kuanika tena. Shemeji amerudi kazini kwao asubuhi, nimemwona. Sikumwita.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilipeleka vipimo vyote ofisini, pamoja na picha za kuta za nyumba tisa. Afisa mipango alivisoma kimya, ukurasa kwa ukurasa. Nilipodhani atanisifu, akatoa karatasi kwenye faili.

"Hii imeletwa Ijumaa," akasema. "Nadhani ni haki uione."

Ni barua ya mwezi Desemba, miezi mitatu kabla ya tangazo. Inasema chama cha wakazi kimeelezwa mradi na kimeuridhia. Chini kuna muhuri wetu. Juu ya muhuri kuna saini yenye mkia mrefu ambayo nimeizoea kwenye kila muhtasari.

Nikamuuliza maana yake nini. Akasema chama kikisharidhia, pingamizi la chama halina uzito. "Lakini kila mkazi anaweza kuandika la kwake, kwa jina lake. Mna siku kumi."

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu. Nilihitaji umbali ule.

Jumanne, 8 Aprili

Nilifika kwa Mwalimu saa mbili asubuhi. Alikuwa uani amekaa juani. Mkewe alikuwa anachambua mboga. Sikukaa nilipokaribishwa. Nilimwekea mapajani nakala ya barua niliyopewa na afisa mipango.

"Mwalimu, saini hii ni ya nani?"

Aliishika karatasi, akaisogeza juani, akaishusha. "Karatasi gani hii?"

"Wewe nisomee."

"Walisema ni orodha ya mahudhurio," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia kwake. "Walituita wenyeviti wa vyama mwezi wa kumi na mbili, tukanywa chai, wakasema watie saini waliohudhuria. Nikaweka na muhuri, kwa heshima."

"Mwalimu, juu yake imeandikwa TUMERIDHIA. Kwa herufi kubwa kama vidole vyangu."

Nilimfikiria mabaya yote. Nilifikiri wamemnunua, nilifikiri anatudharau kiasi cha kutunga uongo wa kitoto. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuyasema, mkewe akaweka kisu chini.

"Mwambie," akamwambia mumewe. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Kuku akapita kati yetu.

"Sioni," akasema Mwalimu. "Ni mtoto wa jicho. Yote mawili. Mwanga naona, na mtu akisimama mbele yangu naona kivuli chake. Wewe nakujua kwa sauti, na kwa harufu ya mafuta ya mashine. Herufi sijaziona tangu mwaka juzi."

Nikakaa sasa.

Mwaka mzima wa "Katibu, soma" ulinipita kichwani. Barua alizozishika kwa ncha za vidole. Muhtasari anaousikiliza huku amefumba macho, nami nikidhani ni kiburi.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nimefundisha miaka thelathini na minne. Nitasimamaje mbele ya watu niliowashika mkono wakachora herufi a, niwaambie siwezi kusoma?"

Nilimhurumia, lakini nyumba yangu bado ina harufu ya tope. Nikamwambia, "Tarehe 24 utasimama, useme hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

"Sitaweza, mwanangu."

"Basi nitasimama mimi nikusemee, na itakuwa vibaya zaidi."

Nikaondoka. Njiani nilijutia sauti niliyoitumia. Maneno sikuyajutia.

Jumatano, 9 Aprili

Nyumba kumi na nne. Barua kumi na mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Nyumba kumi na tisa. Nimegundua watu hawaogopi kupinga, wanaogopa kuandika. Kinyozi ameniambia, "Mimi ugomvi nauweza, karatasi ndiyo inanishinda." Nikakaa kwenye kiti chake cha kunyolea, akasema, nikaandika, nikamsomea, akatia saini. Tulipomaliza akataka nimsomee tena, akatabasamu kama amesikia habari za mtu mwingine hodari.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nimezunguka na barua ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya beseni, juu ya kichwa. Wateja wangu wawili wamehamishia nguo zao kwa fundi mwingine. Siwalaumu, nimechelewa wiki mbili.

Wengine wameanza kuuliza kwa nini chama chenyewe hakiandiki. Nawajibu kuna kasoro ya karatasi. Siri ya Mwalimu si yangu ya kutoa, hadi tarehe 24.

Jumanne, 15 Aprili

Nimebisha kwa shemeji. Alikuwa anakula. Nikaweka karatasi tupu mezani, nikamwambia sijaja kumlazimisha.

"Shemeji," akasema, "nikiweka jina langu hapo, kesho sina kazi."

"Najua."

"Unajua, lakini umekuja."

"Nimekuja kwa sababu wewe ndiye uliyembeba mama."

Hakuigusa karatasi. Wala hakunirudishia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefikisha barua sabini na nane, saa nane na dakika kumi mchana. Afisa mipango amezigonga muhuri moja baada ya nyingine, mimi nimesimama pale. Ya shemeji haimo.

Jumatatu, 21 Aprili

Sentimita arobaini na moja jikoni. Tumezoea sasa, vitu vyote viko juu ya matofali. Kuzoea huku kunanitisha kuliko maji.

Alhamisi, 24 Aprili

Kikao kilianza saa tatu. Chumba cha ofisi, feni imekufa, meza ndefu yenye wajumbe watano. Mwenyekiti wa kikao ni mama mnene mwenye sauti ya chini, unalazimika kunyamaza ili umsikie. Watu wetu walijaa hadi koridoni. Mwalimu alikuja ameshikana mkono na mkewe, amevaa koti. Sikujua kama atasema.

Mhandisi wa kampuni alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Ajira, maduka, taa za barabarani. Nilipoeleza vipimo vyangu alisikiliza kwa adabu, kisha akasema fundi cherehani si mtaalamu wa maji. Baadhi ya watu walicheka.

"Kweli," nikasema. "Lakini sentimita za kwenye nguo na za kwenye maji ni zilezile."

Hapo ndipo alipoinua barua ya Desemba. Akasema mkazi mmoja mmoja anaweza kuwa na hofu zake, ila chama kiliridhia, na saini ya mwenyekiti wake ni hii. Nyuma yangu nikasikia minong'ono ikigeuka kuwa manung'uniko. Mtu akasema, "Kumbe." Mwingine akataja neno ambalo sitaliandika.

Mwalimu akasimama.

Mama wa mezani akamuuliza kama saini ni yake. Akasema ni yake. Akamuuliza kama aliisoma barua kabla ya kusaini. Karani akampelekea karatasi. Mwalimu aliipokea, akaikunjua, akaishika mbele ya uso wake. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama, na nadhani yeye peke yake ndiye hakuwa anaona hilo.

"Siwezi kuisoma leo," akasema, "na sikuweza kuisoma siku ile. Macho yangu yameziba. Waliniambia ni mahudhurio, wakaniwekea kidole mahali pa kusaini. Wao hawakujua kwamba sioni. Lakini walijua walichoniambia."

Mama akamuuliza kwa nini hakumwomba mtu amsomee.

"Kwa sababu mimi ndiye mwalimu wao. Niliona aibu. Aibu hiyo ni yangu, msiwabebeshe wao. Hakuna mkazi aliyeridhia chochote."

Akakunja ile karatasi kwa mikunjo minne iliyonyooka, akamnyooshea karani, upande usio sahihi kidogo. Karani akainuka akaifuata.

Hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi, aliyekuwa ananung'unika, aliondoka alipokaa akaenda kumpisha kiti. Mhandisi aliangalia makabrasha yake. Mama wa mezani akaandika kitu kirefu.

Wakati wa kutoka sikujua nimwambie nini. Nikamwambia, "Mwalimu, kuna ngazi tatu hapa." Akasema, "Nazijua. Nilizihesabu nikija." Lakini akanishika mkono.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Kusubiri. Nimemaliza sare tisa.

Ijumaa, 9 Mei

Uamuzi umetoka. Ombi limekataliwa jinsi lilivyowasilishwa. Barua ya Desemba haitahesabiwa. Mkondo wa maji uingizwe kwenye ramani ya mji. Kifusi kiondolewe chote ndani ya siku kumi na nne. Kampuni inaruhusiwa kuleta mchoro mwingine, utakaouacha wazi upande wote wa chini.

Nimewasomea watu nje ya chekechea. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo hawajengi?" Nikamwambia wanaweza kujenga, ila si juu ya maji yetu. Akaona nimempunguzia sherehe.

Jumapili, 11 Mei

Mwalimu amejiuzulu, wamenichagua mimi. Nilikubali kwa sharti moja, abaki kwenye kamati, na wawili wakanuna. Hospitali imempa tarehe ya upasuaji, mwezi ujao, jicho la kulia kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Shemeji amekuja, mara ya kwanza tangu siku aliyombeba mama. Alisimama mlangoni.

"Umeninyima miaka miwili ya kazi, shemeji."

"Ndiyo," nikasema. Sikutaka kumpamba kwa maneno.

"Kazi ya kukitoa kile kifusi wametupa sisi tuliokiweka." Akakaa. "Koleo la kwanza nililochota jana, maji yalitoka chini yake kama yalikuwa yananisubiri. Nilikuwa nayajua tangu utoto. Nilicheza humo na marehemu." Akatazama alama za penseli kwenye mwimo wa mlango. "Mama amekula?"

Nikampakulia na yeye.

Jumapili, 18 Mei

Uwanja umebaki mtupu, lakini mfereji wa nyuma umeziba kwa udongo uliosombwa. Tungengoja ofisi, tungengoja hadi mvua za mwakani. Shemeji alipita mlango kwa mlango saa moja asubuhi na koleo begani. Kwa wengine alikuwa anasema neno moja tu: "Mfereji." Tulitoka ishirini na watatu, na yeye akatupanga kama kundi la mafundi wake, mwenye mgongo mbovu akapewa ndoo, mwenye mdomo akapewa kazi ya peke yake. Kwa vile ni mwashi, alinyoosha kamba tufuate mteremko sawasawa. Kufika saa sita maji yalikuwa yanakwenda. Mikono yangu ina malengelenge, kesho sindano itaniona mgeni.

Jumatano, 21 Mei

Barua kutoka kampuni, ya kwanza kuandikwa kwa chama kabla ya kitu kuchorwa. Wanataka kukutana nasi uwanjani watuoneshe wanapofikiria kuweka jengo dogo zaidi, upande wa juu. Wanaomba tuwapangie siku.

Kamati imekaa kwangu, kati ya vitambaa. Mama mkwe alisema tusiwajibu. Shemeji, ambaye si mwanakamati lakini alikuwa amekuja kula, alisema tuwajibu na tuulize habari za kazi kwa wakazi. Mwalimu alisema wakija tusikubali wakae ndani wakanywe chai, na hakuna karatasi itakayosainiwa kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wote, mara mbili. Yote yameingia kwenye muhtasari, hata la mama mkwe.

Iliyobaki ilikuwa siku. Wao wamependekeza Jumamosi yoyote yenye jua. Nimechukua karatasi safi nikawajibu kwa mistari miwili: karibuni siku yoyote mvua itakaponyesha, saa moja baada ya kuanza. Mje na mabuti.